Kazi Yako Si Kucheza

Nilikwenda kumzika Bwana Mhina ili nihakikishe amezikwa. Watu wa Kilole waliniona nimekaa karibu na wafiwa, kanga imefunika nusu ya uso, wakadhani ni uchungu. Mama mmoja akanishika mkono akaniambia, "Pole sana, mwalimu. Najua mlifanya naye kazi." Nikamwitikia asante. Kisha kijana mmoja wa ukoo, amevaa suti iliyombana mabegani, akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Tukasikia alivyozaliwa, alivyosoma, alivyomcha Mungu, halafu, kama nilivyotarajia, tukafika kwenye kituo chake cha watoto. "Marehemu," kijana akasoma kwa sauti ya kutetemeka, "alikuwa wa kwanza katika wilaya yetu kuwafundisha watoto wenye mtindio wa ubongo kusema kwa njia ya michezo." Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikalitazama jeneza nikafikiri: mtu huyu hata mdomo ukizibwa bado anasema uongo.

Nilifanya kazi kwake mwaka mmoja tu, nikiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea. Zilikuwa enzi za ruksa. Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni, ghafla kila mtu Korogwe alikuwa anafungua kitu. Huyu duka la mitumba, yule bucha, mwingine ukumbi wa video ambamo vijana walijazana kutazama Wachina wakipigana mateke. Mkonge nao ulikuwa unakufa mashambani, magugu yameufunika, na waliokuwa wakiishi kwa mkonge walitafuta pa kushika. Bwana Mhina alikuwa karani wa ghala huko. Akatazama huku na huku, akaona maduka na mabucha yameshachukuliwa, akafungua kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili. Nasema hivi bila kumwonea. Angeweza kufungua bucha, na nina hakika nyama angeiheshimu zaidi.

Kituo kilikuwa kwenye nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge, nje kidogo ya mji, mahali ambapo mvua zikikolea unausikia mto Pangani ukinguruma. Ilikuwa na baraza pana, sakafu ya mbao iliyotoboka hapa na pale, na bafu lenye beseni kubwa la chuma la kulala mtu mzima, ambalo sisi tulihifadhia mkaa. Chumba kizuri kuliko vyote, chenye madirisha yanayotazama milima ya Usambara, kilikuwa ofisi ya Bwana Mhina. Watoto walikaa stoo. Ofisini kulikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati ndimo vilimokuwa vitu vya kuchezea vilivyoletwa na wafadhili: matofali ya plastiki ya rangi zote, wanasesere wenye nywele za njano, ngoma ndogo, gari moshi la mbao. Funguo zilining'inia kwenye mkanda wa Bwana Mhina. Siku ya wageni kabati lilifunguliwa, Matroni, mlezi mkuu wa watoto, akagawa, picha zikapigwa. Wageni wakishaondoka Matroni alikusanya kimoja kimoja na kukifuta kwa kitambaa kibichi, kama aliyekuwa akifuta ugonjwa. Siku nyingine zote watoto walikaa juu ya mkeka wakitazama ukuta. Asubuhi uji, mchana makande, jioni makande. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake ilikuwa ofisi, kwa hiyo tulipokuwa tunatafuna makande tuliisikia harufu ya kuku wa wageni na kila neno lililosemwa juu ya huyo kuku. Siku moja nilimsikia Bwana Mhina akimwambia mtu, huku anafyonza mfupa, "Hawa hawasikii kitu, ndugu yangu. Muhimu wageni wasikie."

Hamza aliletwa mwanzoni mwa mwaka huo na mama yake, Bi Mwanjaa, kutoka Sindeni, upande wa Handeni. Bi Mwanjaa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu. Mume alikuwa ameshahamia kwa mke mwingine huko Mkata, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Mtoto alikuwa wa umri wa kuanza shule, mzuri wa sura, macho makubwa, ila macho hayo yalipita juu ya watu kama wanavyopita watu juu ya kizingiti. Hakusema neno. Alinguruma kooni, sauti moja nyororo isiyokatika. Neno usonji tulikuwa bado hatujalisikia. Sisi tulikuwa na maneno mawili, zezeta na mapepo, na Matroni aliyatumia kwa zamu. Bi Mwanjaa alipomaliza kumwamkia Bwana Mhina alisimama tu, hajui aage vipi. "Sitaki asome," akasema. "Wala sitaki ajue kuhesabu. Nataka aniite. Siku moja nikiwa jikoni aniite, basi." Bwana Mhina akamwambia asiwe na wasiwasi, hapa ni mahali pa kitaalamu.

Utaalamu wenyewe ulikuwa huu: Hamza alipenda kuzungusha mifuniko ya sufuria. Akiona jiko liko wazi alikimbia, akachukua mfuniko, akausimamisha kwa ukingo na kuuzungusha, halafu akalala kifudifudi, shavu kwenye mbao, akiutazama unavyozunguka, unavyochoka, unavyoanguka kwa ule mlio wa haraka haraka unaoishia ghafla. Kisha tena. Angeweza kufanya hivyo tangu uji mpaka makande. Matroni aliichukia ile sauti. Alimnyang'anya mfuniko na kumfunga kwa kanga kwenye nondo ya dirisha, na Hamza alipiga kelele mpaka akaishiwa. "Shetani wake anataka ngoma," Matroni alisema. Yeye alikuwa muumini mkubwa.

Katikati ya mwaka ikaja semina. Wafadhili walitaka tufundishwe jinsi ya kucheza na watoto, na Bwana Mhina, ambaye hakuwahi kukataa semina, aliamua ifanyike Mombo, kwa kuwa Korogwe, alisema, haina ukumbi wenye hadhi. Kwa hiyo tukaenda kujifunza kucheza na watoto mahali pasipo na mtoto hata mmoja. Watoto waliachwa na mlinzi. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli kando ya barabara kuu, mabasi yakisimama nje, wachuuzi wakiinua ndoo za maplamu na mapeasi ya Lushoto kwenye madirisha ya abiria, na ndani sisi tunakula. Chai na chapati, halafu pilau, halafu chai tena. Mkufunzi alitoka Dar es Salaam. Aliitwa Mama Lukindo, mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, na wengi waliamua kumcheka kabla hajafungua mdomo, kwa sababu ya ile miwani.

Mimi sikumcheka, na sidai kwamba nilikuwa na busara. Nilikuwa nimekaa mbele nikaogopa. Lakini nilimsikiliza, na mpaka leo, baada ya vyuo vyote nilivyopita na walimu wote niliowafundisha mwenyewe, sijasikia mtu aliyelisema jambo hilo vizuri zaidi. "Mtoto asiyekutazama hajakudharau," alisema. "Yuko kwenye mchezo wake. Ninyi mnamvuta atoke aje kwenu, naye anaona mnamvunjia nyumba. Msimvute. Nendeni kwake, mbishe hodi. Anachofanya, kifanye na wewe, kando yake, bila kumgusa. Usimfundishe. Subiri. Siku atakapoinua macho aone kuna mtu mwingine kwenye mchezo wake, hapo ndipo mazungumzo yameanza." Kisha akavua viatu, akakaa sakafuni, akajilaza ubavu na kitenge chake kizuri, ili atuonyeshe. Ukumbi mzima ukacheka. Bwana Mhina alicheka mpaka akapaliwa na pilau. Katika gari la kurudi, kapu la maplamu kwenye magoti, alikuwa bado anacheka. "Mwanamke mzima anagaagaa sakafuni! Elimu nyingine ni hasara." Matroni akaitikia, "Hasara tupu, baba."

Nilijaribu kwa sababu hiyo. Ningependa kusema niliwapenda watoto, lakini upendo ulikuja baadaye. Wakati ule nilikuwa nimeshagundua kanuni moja ya maisha ya pale, kwamba chochote alichokicheka Bwana Mhina huenda kina maana. Kwa hiyo Matroni alipokwenda sokoni nilimfungua Hamza dirishani, nikachukua mifuniko, nikampa mmoja na mwingine nikabaki nao, nikalala kifudifudi kando yake juu ya zile mbao. Akazungusha wake. Nikazungusha wangu. Ukaanguka mara moja, kwa kuwa sikujua. Nikajaribu tena. Nilifanya hivyo kila Matroni alipotoka, kwa majuma, na Hamza hakunitazama hata mara moja, na nilianza kufikiri kwamba Mama Lukindo naye alikuwa anakula pilau yake tu kama sisi wengine. Lakini huko chini nilianza kuona vitu. Niliona mfuniko wa bati unavyochora duara la mwanga ukiwa umekaribia kuchoka. Niliona kwamba mlio wa mwisho una mdundo, na kwamba Hamza hukatiza kunguruma kwake muda mfupi kabla mdundo haujaisha. Alikuwa anausubiri. Wote tuliokuwa tukimwita zezeta tulikuwa hatujawahi kusubiri kitu kwa makini kiasi kile.

Siku moja nilichoka, nikauacha mfuniko wangu umelala. Akazungusha wake mpaka ukaanguka. Kimya. Halafu mkono mdogo, wa moto, ukashika kifundo cha mkono wangu, ukauinua, ukauweka juu ya mfuniko wangu. Hakunitazama usoni. Alikuwa ananiambia, zamu yako. Nikauzungusha, naye akacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kicheko cha kawaida kabisa, cha mtoto yeyote wa Sindeni.

Baada ya hapo niliongeza kidogo. Nilishika mfuniko nikasema, "Moja... mbili..." nikanyamaza kidogo, "tatu!" nikauachia. Moja, mbili, tatu. Alianza kunitazama mdomo. Kisha akaanza kunitazama macho, pale kwenye ukimya baada ya mbili, akitetemeka kwa hamu. Bwana Mhina alitukuta hivyo, mimi na mtoto tumelala sakafuni nyuso zikitazamana, akasimama mlangoni na funguo zake. "Zaina," akasema, "kazi yako si kucheza. Kazi yako ni kuwatunza." Nikasimama, nikapangusa gauni. "Ndiyo, mzee," nikasema. Alipogeuka tukalala tena. Na asubuhi moja nilipofika kwenye mbili nikanyamaza, ukimya ukawa mrefu kuliko kawaida, na kutoka kwenye koo lile ambalo lilikuwa limenguruma tu tangu lizaliwe likatoka neno, limepinda lakini zima: "Tatu."

Ukuta, nimeshasema, ulikuwa wa mbao nyembamba. Bwana Mhina alisikia. Mtu mwingine angekuja kulia na sisi, au angalau kuleta ule ufunguo wa kabati. Yeye alikwenda kualika wageni. Wakaja wafadhili na mkubwa mmoja wa wilaya na mpiga picha, na kuku wakachinjwa, na Hamza akavishwa shati jeupe lililomkwaruza shingo. Nilimwambia Bwana Mhina aniache mimi nikae naye chini na mifuniko yetu, kandokando, wageni watazame kwa mbali. Akanitazama kwa huruma. Mifuniko ya masizi mbele ya wageni! Akamsimamisha mtoto juu ya meza, kati ya sahani, akamwinamia usoni. "Moja!" akapaza sauti. "Mbili! Haya! Sema!" Hamza aliziba masikio. "Mbili! Sema tatu! Sema, wageni wasikie!" Mtoto akaanza kujipiga kichwa kwa viganja, suruali ikalowa, mkojo ukatiririka mezani kuelekea kwenye wali. Ndipo Bwana Mhina akamshika taya, akalibana kwa vidole kama mtu anayekagua meno ya mbuzi mnadani, na Hamza, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo aliulizwa jambo aliloweza kulijibu, akamng'ata mpaka damu ikatoka.

"Samahanini, wageni wetu," Bwana Mhina akasema, ameshika mkono. "Huyu ana mapepo."

"Si mapepo," nikasema kutoka mlangoni. "Ni meno." Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamteremsha mtoto mezani, nikatoka naye. Nyuma yangu nikasikia mmoja wa wageni akiuliza kama yupo mtoto mwingine, mtulivu zaidi, wa kupiga naye picha. Yupo, akasema Matroni.

Hamza akaamriwa arudishwe kwao kabla juma halijaisha, nami nikaamriwa nimpeleke, kisha nisirudi, nijue la kufanya mwenyewe. Kituo kiliendelea kidogo mpaka wafadhili walipochoka. Baadaye Bwana Mhina alifungua baa Mkumbara, na nasikia alikuwa mwenye baa mzuri sana, vinywaji baridi, hesabu safi. Hilo halikuwamo kwenye wasifu.

Tulipanda gari la mizigo, tukafika Sindeni mchana, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Bi Mwanjaa aliishi uani kwa mama mkwe wake, chumba kimoja cha udongo. Alimpokea mwanawe bila kelele, akanitengea maji ya kuoga, akanipikia ugali wa muhogo na mlenda, na tulipokuwa tunakula nilimsikia mama mkwe ng'ambo ya ukuta akimwambia jirani, "Wamemrudisha. Hata waliojiajiri kwa mazezeta wameshindwa naye." Bi Mwanjaa alisikia kama nilivyosikia. Akaendelea kumega tonge.

"Amejifunza nini huko?" akaniuliza.

"Anasema tatu."

"Tatu nini? Mbuzi watatu? Sina."

Nikamweleza. Nikamwonyesha mfuniko, nikalala chini, nikamwambia alale na yeye. Hakusogea. "Dada," akasema, "mimi nina shamba, nina maji ya kuchota, nina mama mkwe. Mume kaniacha kwa ajili ya huyu. Sasa na mimi nilale uani nizungushe mfuniko, watu wapite waseme naam, mama naye kaambukizwa?" Nilikaa nimeshika ule mfuniko, na yale maneno mazuri ya Mombo yalikuwa yameniishia mdomoni kama chakula kilichopoa.

Asubuhi aliweka kinu uani, akaanza kutwanga mahindi. Hamza alikaa mavumbini karibu na kinu, akinguruma. Bi Mwanjaa alitwanga kama mtu mwenye hasira na kila punje. Halafu akasimama, mchi uko juu, ajifute jasho kwa bega. Kunguruma kukakatika. Hamza akainua uso, akautazama mchi, akashuka na macho mpaka kwenye mikono, mpaka kwenye shingo, mpaka kwenye uso wa mama yake, na macho yakabaki hapo. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na nilitaka kupiga ukelele. Bi Mwanjaa naye alikuwa ameona. Akauteremsha mchi, ti! Mtoto akacheka. Akauinua tena, akausimamisha hewani, na safari hii alijua anachokifanya. Alisubiri. Mchi ulikuwa mzito, wa mti wa kweli, na mikono ilianza kumtetemeka. Mama mkwe akaita kutoka ndani, "Wewe! Unga unatoka lini?"

"Utatoka ukitoka," Bi Mwanjaa akasema, macho hayatoki kwa mwanawe.

"Ti," akasema Hamza.

Mchi ukashuka. Hakuwahi kusema mama. Nilipita Sindeni mara nyingi miaka iliyofuata, nikamkuta amekuwa mwanamume mrefu anayechota maji na kuchunga mbuzi wa jirani, mwenye maneno machache na yote ya lazima, na akimtaka mama yake, popote alipo, alisema Ti, na mama yake aliitika, "Bee." Majirani walicheka mpaka wakazoea. Lakini asubuhi ile hatukuyajua hayo. Asubuhi ile nilisogea karibu, nikafungua mdomo nianze kumweleza asubiri muda gani zaidi, na Bi Mwanjaa akageuza kichwa akanitazama vile watu wanavyomtazama kuku aliyeingia jikoni.

"Nenda, dada," akasema. "Usikae hapo kunitazama kama wageni wenu."

Nikachukua kifurushi changu. Kwetu mgeni hasindikizwi mlangoni tu, husindikizwa mpaka njia panda, hata kama umemchoka. Nilipofika kwenye mlango wa ua, peke yangu, niligeuka kuaga, lakini hakuna aliyenisikia. Bi Mwanjaa alikuwa ameuinua mchi, na mtoto alikuwa anamtazama.